Kazi ya Mwalimu wa Nyimbo
Maneno yaliyosemwa mbele ya waalimu na Wakristo siku ya Jubilei



Mapadre, Masista, waalimu wenzangu, nanyi wazee na akina mama wa parokia zote mliofika hapa: nimeagizwa niseme habari za kazi ya kufundisha nyimbo na kinanda, jinsi nilivyoipata na jinsi ninavyoifanya. Walioniagiza waliniambia, "Wewe hufundisha watoto nyumbani kwako, mmoja mmoja, nao hujua. Utuambie siri yako." Nikawajibu ya kwamba siri sina. Ninalo kosa moja nililolitenda zamani, na karibu yote ninayoyafanya leo katika kufundisha yametoka katika kosa lile. Basi nitasema kwanza asili yangu, kisha kosa langu, kisha njia ninayoifuata, ili yule anayeanza kazi hii asijikwae palepale nilipojikwaa mimi.

Nilizaliwa katika kijiji cha bara ya Lindi, karibu na njia iendayo Nyangao. Baba yangu alilima mihogo na mikorosho, na mama yangu alikuwa mwenye kuanzisha nyimbo katika ngoma za akina mama. Nyimbo za unyago sikuruhusiwa kuzisikia, kwa kuwa mimi ni mwanamume. Lakini nyimbo za kutwangia na za kubembelezea mtoto nilizisikia kila siku. Kabla sijajua herufi hata moja nilijua kuitikia: mama ataanza, sisi tutapokea, naye hatungojei wala sisi hatumkimbilii. Hiyo ndiyo shule yangu ya kwanza ya nyimbo, ingawa nilikaa miaka mingi bila kuitambua kuwa ni shule.

Shule ya pili ilikuwa ya misioni. Mwanzo wa misioni katika nchi yetu mwaujua. Wabenediktini wa St. Ottilien walianza Lukuledi mwaka 1895, na Nyangao mwaka 1896. Mwaka 1905 moto wa Majimaji ukaziteketeza zote mbili, na mwaka 1906 ukawekwa msingi wa Ndanda. Mzee aliyenifundisha kuimba, katekista wa kigango chetu, alipenda kutusimulia habari hizo, na kila alipomaliza alisema, "Nyumba yaungua, daftari laungua, lakini wimbo ulio kifuani hauungui." Sisi watoto tulidhani ni maneno ya uzee tu.

Mzee huyu hakuwa na kinanda. Kanisa letu lilikuwa la udongo, limeezekwa makuti. Akachukua mkaa, akachora ngazi ukutani, yenye vipandio vinane, na katika kila kipandio akaandika herufi: d, r, m, f, s, l, t, na juu kabisa d tena. Alikuwa na fimbo ndefu, na kazi yake ilikuwa moja, kugusa ngazi ile. Ikigusa chini tuliimba chini, ikiruka juu nasi tuliruka. Kwa mwaka mmoja watoto wa kijiji waliweza kuimba wimbo wasiopata kuusikia, kwa kuzitazama herufi tu.

Ngazi ile hakuibuni yeye. Sarah Glover, mwalimu mwanamke wa mji wa Norwich katika Uingereza, alitoa kitabu chake mwaka 1835, maana alitaka watu wote kanisani waimbe, wala wasiachiwe wachache wenye elimu. Mwaka 1841 waalimu wa shule za Jumapili walikutana katika mji wa Hull, wakamwagiza mchungaji mmoja, John Curwen, atafute njia nyepesi ya kufundisha watu kuimba. Naye akaichukua njia ya Bibi Glover, akaitengeneza na kuieneza, na wamisioni wakaileta Afrika. Mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misioni karibu na Johannesburg, alitunga wimbo wake kwa herufi hizi hizi. Na sauti ya wimbo ule ndiyo tuliyoichukua mwaka 1961 kuwa sauti ya wimbo wa taifa letu. Kwa hiyo mtu asizidharau herufi za mkaa. Zimefungua milango mikubwa.

Kinanda nilikiona nilipokwenda shule kubwa ya misioni. Kilikuwa kinanda cha kukanyaga kwa miguu, na panya walikuwa wametoboa mvukuto wake, hata kikipigwa kilitoa pumzi kama mzee apandaye mlima. Sisi wanafunzi tuliotaka kujifunza tulikuwa wengi, na kila mmoja alipewa robo saa kwa juma. Robo saa haitoshi hata kuvisahau vidole vyako. Basi nikaomba kipande cha ubao kwa seremala, nikapima kinanda kwa kamba, nikachora vibao vyake kwa mkaa, vyeupe na vyeusi, na kila usiku nikapiga ubao ule usiotoa sauti. Wenzangu wakanicheka, wakasema, "Mtazameni, apiga kinanda cha viziwi." Wakacheka, lakini ubao ule ulinifunza jambo ambalo kinanda chenyewe kisingalinifunza. Kwa kuwa haukutoa sauti, ilinipasa kuisikia sauti rohoni kabla ya kuweka kidole. Sikio lilitangulia, kidole kikafuata.

Hiyo ndiyo asili yangu. Sasa nitasema kosa langu.

Nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu nilitumwa upande wa Kilwa, nikakaa katika kigango kimoja karibu na bahari. Wakristo tulikuwa wachache, maana Kilwa ni nchi ya Waislamu tangu karne nyingi, nasi tulikaa nao kwa ujirani mwema. Nikaanza kufundisha nyimbo kila jioni barazani kwangu. Nilikuwa na bidii. Lakini pamoja na bidii nilikuwa na kiburi cha mtu ajuaye jambo ambalo waliomzunguka hawalijui.

Siku moja akaja kijana wa miaka kumi na minne, mtoto wa mvuvi, akasema ataka kujifunza. Nikamwambia apande ngazi. Sauti yake ilikuwa ikivunjika, kama ilivyo sauti ya wavulana wa umri ule. Akaanza chini ya pale nilipoanza mimi, na kila kipandio akakikosa. Wenzake wakacheka. Ilinipasa kuwanyamazisha. Nami sikuwanyamazisha, nikaongeza neno langu juu ya kicheko chao, nikamwambia, "Wewe sauti yako ni ya kuamia ndege katika mpunga. Nenda shambani." Wakacheka zaidi. Kijana akavaa ndala zake mlangoni, akaenda zake, wala hakusema neno.

Mimi nikasahau. Mtu atukanaye husahau upesi.

Ikapita kama miezi minane. Baada ya mavuno, usiku wa mbalamwezi, nikasikia ngoma kwa mbali, nikaenda kutazama. Palikuwa na ngoma tatu, moja kubwa na mbili ndogo, zimekwisha kupashwa moto, ngozi zake zalia kama kengele. Mpigaji wa ile kubwa alikuwa ameinama, sikumwona uso. Aliziongoza zile ndogo kama mtu awashikaye watoto wawili mikono njiani: huyu akitaka kukimbia humrudisha, yule akichelewa humvuta. Alipobadili pigo, wachezaji wote uwanjani wakabadili miguu mara moja, kama mtu mmoja. Nami katika kwaya yangu ya watu kumi na wawili nilikuwa nikipiga sakafu kwa kiatu kila Jumapili ili wasiachane. Mpigaji akainua uso kufuta jasho, nikamtambua. Alikuwa ni yule wa ndege wa mpunga.

Usiku ule sikulala. Nilijiuliza, Kiziwi ni nani? Ni yule asiyeweza kuifuata sauti yangu, ama ni mimi niliyekuwa na mwenye kipawa mbele yangu nisimsikie?

Asubuhi nikaenda kwao ufukoni. Nikamkuta ashona wavu pamoja na baba yake. Akaniamkia, "Shikamoo, mwalimu," kama kwamba halikutokea neno, na salamu ile ilinichoma kuliko matusi. Nikamwomba radhi mbele ya baba yake, maana nilimwaibisha mbele za watu, wala si haki kumwomba mtu radhi faraghani kwa aibu uliyomtia hadharani. Mzee akasema, "Yamekwisha, mwalimu." Lakini kijana alinyamaza, akafunga vifundo viwili vitatu vya wavu, kisha akasema, "Mimi sitaki tena kuimba, mwalimu. Lakini ninaye mdogo wangu, yule msichana. Mfundishe yeye. Ila usimcheke."

Nikamfundisha. Msichana yule leo ni mama wa watoto, naye hupiga kinanda katika kanisa la kwao, tena anao wanafunzi wake. Kaka yake huja kanisani, huketi karibu na mlango, na kidole chake hupiga polepole juu ya goti. Mdomo wake haufungui. Miaka zaidi ya ishirini imepita, naye amenisamehe, najua, kwa kuwa hunipelekea samaki. Lakini kuna makosa yanayosamehewa wala hayafutiki.

Basi sikilizeni sasa njia ninayoifuata tangu siku ile.

Jambo la kwanza ni kusikiliza kabla ya kufundisha. Mwanafunzi akija kwangu siku ya kwanza simwimbishi wimbo wangu. Namwambia, "Niimbie wimbo wako." Ataimba wimbo wa mchezo, au wa kuruka kamba, au aliousikia redioni, wote wafaa. Mimi nanyamaza, natafuta mahali sauti yake ikaapo kwa raha, na pale ndipo ninapoweka d yake. Na hapa aibu yangu yazidi, maana njia ile ya ngazi niliyokuwa nikiifundisha yenyewe yasema hivyo hivyo: d haina mahali pamoja. Ngazi yahamishika, waweza kuiegemeza katika ukuta mrefu au mfupi, vipandio ni vilevile. Kijana wa mvuvi hakukosa vipandio. Mimi nilikosa kuiteremsha ngazi mpaka pale aliposimama. Mvulana ambaye sauti yake yavunjika hapasi kufukuzwa. Apewe vipandio vitatu au vinne vya chini, aambiwe wazi kwamba hali hii itapita, naye atangoja bila haya.

Ndiyo sababu nafundisha mmoja mmoja, hata nikiwa na kwaya nzima. Jambo hili nilijifunza kwa jirani yangu wa Kilwa, maalimu mzee wa chuo cha Kurani. Kila alfajiri watoto wake walisoma wote kwa sauti, kila mmoja mahali pake, nami nilidhani ni makelele matupu. Siku moja nilimkuta amewapa mgongo, asuka ukili, watoto nyuma yake wavuma kama nyuki. Mara akaita jina la mtoto mmoja, akamwambia, "Rudia neno hilo." Katika makelele yale yote alisikia herufi moja iliyokosewa, wala hakugeuka. Nikamwuliza awezaje. Akanijibu, "Kila mtoto ana mahali pake, mwalimu. Asiyemaliza hapa hapelekwi kule." Neno lile nimelichukua kuwa kanuni yangu. Katika kwaya mtu ajificha nyuma ya jirani yake; barazani peke yake hana pa kujificha, tena hana wa kumcheka.

Jambo la pili ni maneno na pigo kabla ya sauti. Lugha yetu ina mwendo wake, nayo hukaza sauti karibu na mwisho wa neno. Tukilikaza neno mahali pasipo pake, maana yake hugeuka. Neno "barabara" likikazwa karibu na mwisho ni njia kubwa ya kupita magari. Likikazwa nyuma kidogo, maana yake ni sawasawa, kama ipasavyo.  Sasa chukua wimbo wa Ulaya, utie maneno ya Kiswahili bila kuangalia, nawe utasikia watu wakikaza pasipostahili, wakimwimbia Mungu kwa matamshi ambayo hawangemsemeshea hata jirani sokoni. Kwa hiyo wanafunzi wangu kwanza husema maneno ya wimbo, kama mtu azungumzaye. Kisha huyapigia makofi. Kisha hutembea nayo uani, hatua kwa pigo. Mwisho ndipo tunapoongeza sauti. Wimbo ambao hauwezi kutembea uani hautasimama kanisani.

Na pigo hilo watoto wetu wanalo tayari. Twasema, mcheza kwao hutunzwa. Mtoto wa pwani hii amezaliwa katikati ya ngoma. Babu zetu waliposikia baragumu na matarumbeta ya askari walitengeneza ngoma ya beni, wakaicheza pwani yote mpaka Lindi, wakafundishana wenyewe kwa wenyewe bila kitabu. Zamani wengi walidhani kwamba ngoma haifai kuingia kanisani hata kidogo. Mwaka 1963 ulileta mambo matatu ambayo yafaa tuyakumbuke pamoja siku kama hii. Mwaka ule Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliandika katika hati yake ya Liturujia kwamba muziki wa asili wa mataifa uheshimiwe na upewe nafasi ipasayo. Mwaka uleule Padre Stephen Mbunga, mwana wa kusini mwa nchi yetu, alitoa kitabu chake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Na mwaka uleule jimbo letu lilizaliwa, likiitwa Nachingwea, ambalo mwaka 1986 lilipewa jina la Lindi. Jimbo lililozaliwa mwaka mmoja na maneno hayo lisione haya kwa ngoma yake. Lakini ngoma nayo yataka kufundishwa kwa adabu ileile ya kinanda. Tusimwite mpiga ngoma siku ya sikukuu tu, kisha tumsahau mwaka mzima, kana kwamba kazi yake haihitaji mazoezi.

Jambo la tatu ni sikio kabla ya kidole. Wazazi huniletea mtoto, wakataka siku ya pili apige kinanda, na mwezi wa pili apige kanisani. Mimi humpa ubao uliochorwa, kama ule wangu wa zamani. Namfunza ishara za mkono: ngumi ni d, kiganja kilicholala ni m, kidole kielekezacho juu ni t, na nyingine kadhalika, mkono wangu huenda juu na chini bila sauti, naye huimba auonavyo. Akiweza kuisikia sauti kabla hajaipiga, ndipo namketisha kwenye kinanda. Akikosea simwambii mara moja ni wapi. Namwuliza, "Umesikia?" Akisema ndiyo, basi atajirekebisha mwenyewe. Akisema hapana, kosa si la kidole, nasi twarudi kwenye ngazi.

Msidhani kuwa njia ya sikio ni ya wasiosoma tu, au kuwa ni njia duni. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika Unguja, hakujua kusoma wala kuandika. Alijifunza kwa wapiga muziki wa mjini kwa kusikia na kurudia, kusikia na kurudia. Mwaka 1928 akaenda Bombay, na sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri, zikauzwa pwani yote. Mimi nawafundisha wanafunzi wangu herufi, tena kwa bidii, kwa sababu herufi ni ghala ya wimbo. Lakini ghala haizai mpunga. Mpunga watoka shambani, na shamba la muziki ni sikio.

Siku hizi viko vinanda vya umeme ambavyo ndani yake yamekwisha kutiwa mapigo. Mtu abonyeza kitufe, na ngoma yapiga yenyewe. Sivilaani. Lakini nimeona wapigaji ambao umeme ukikatika kwaya nzima yanyamaza, kana kwamba Mungu naye amekatika. Kitufe hakimfundishi mtu kuhesabu. Kwangu mwanafunzi hawezi kukigusa kitufe cha pigo mpaka aweze kulipiga pigo lile kwa mkono wake juu ya meza. Na simu nazo nimeziona kuwa zina faida: mwanafunzi aimbe, ajisikilize, kisha aniambie mwenyewe amekosa wapi. Chombo kinachomsaidia mtu kusikia chafaa. Kinachosikia badala yake chamdhuru.

Jambo la nne ni ada. Wengine huona haya kulisema, mimi nitalisema. Simfundishi mtu bure kabisa, wala simfukuzi mtu kwa ajili ya fedha. Mwenye fedha huleta fedha kidogo. Asiye nayo huleta kibaba cha mchele, au samaki, au korosho wakati wake. Na asiye na kitu hufagia ua au huchota maji. Nalitaka hilo kwa sababu kitu cha bure watu hukishika kwa mkono mmoja. Mzazi aliyetoa kibaba cha mchele humwuliza mtoto wake jioni, "Leo umejifunza nini?" Na swali hilo la mzazi lina nguvu kuliko fimbo yangu.

Jambo la tano ndilo la mwisho, nalo ni kubwa kuliko yote. Mwanafunzi hawi amejua wimbo mpaka amfundishe mwingine. Kila anayejifunza kwangu, akimaliza wimbo, huniletea mtoto mmoja aliyemfundisha wimbo ule, nami namsikiliza yule wa pili. Akikosea, namrekebisha yule wa kwanza.

Karibu miaka elfu moja iliyopita, katika Italia, palikuwa na mtawa wa Mtakatifu Benedikto, jina lake Guido. Aliona jinsi waimbaji walivyotumia miaka kumi na zaidi kujifunza nyimbo kwa kumfuata mwalimu neno kwa neno, na bila mwalimu hawakuweza kitu. Akatazama wimbo mmoja wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambao sehemu zake sita za kwanza huanza kila moja kipandio kimoja juu ya ile iliyotangulia. Akatwaa silabi za mwanzo, ut, re, mi, fa, sol, la, akawafundisha watoto kwazo. Huko ndiko yalikotoka majina ya ngazi yetu. Akaandika kwamba kwa njia yake mwimbaji aweza kukamilika kwa mwaka mmoja, au kwa wingi miwili. Je, watawa wenzake katika monasteri ya Pomposa walifurahi? Walimwonea wivu, hata akahama, akaenda Arezzo, na askofu wa huko akampokea. Wivu ule nauelewa sana. Kama watoto waweza kujifunza kwa mwaka mmoja yale niliyoyapata kwa miaka kumi, mimi nitakuwa nani?

Ndugu zangu waalimu, swali hilo liko katika mioyo yetu. Nimeona kigango ambacho mpiga kinanda alikuwa mmoja tu. Alikuwa fundi kweli, na madaftari yake aliyafungia sandukuni, ufunguo akauvaa kiunoni. Alipohamia mji mwingine kwa kazi, alihama na sanduku lake. Kwaya ile ilikaa kimya, na kinanda kikawa meza ya kuwekea maua. Hakuiba kitu, madaftari yalikuwa yake. Lakini Injili yatuambia habari za mtu aliyeifukia talanta yake ardhini, naye pia hakuiba kitu.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa kwaya, na halmashauri za parokia, mambo mawili. La kwanza: kila kigango kisiridhike na mpigaji mmoja wala mwanzishaji mmoja. Wawe watatu, na mmoja wao awe mtoto. Twasema ngoma ya watoto haikeshi. Ni kweli kama ni watoto peke yao. Mtoto aliyeketishwa kando ya mkubwa hukesha. La pili: nyimbo za wazee zilizo vifuani mwao ziandikwe sasa kwa herufi zetu, wangali hai. Mzee wangu alisema kwamba wimbo ulio kifuani hauungui. Kweli, hauungui, lakini huzikwa.

Nimesema mengi, nanyi mmekaa juani. Neno langu la mwisho si la waalimu peke yao. Katika kila parokia wako watu wanaoketi karibu na mlango, nao hawaimbi. Ukimwuliza mmoja wao, atakuambia, "Mimi sina sauti." Mwulize tena, nani alimwambia hivyo, naye atakutajia mtu na siku, hata ikiwa imepita miaka arobaini. Mimi ni mmoja wa watu wanaotajwa. Kama nawe wajijua kuwa umo, usingoje Jubilei nyingine. Nenda leo, kabla jua halijatua, ukamwombe radhi; na akikataa kuimba, mwulize kama anaye mdogo wake.